Nani Mwenye Kuhesabu Mizani? Msaidizi wa Akili Bandia katika Mstari wa Amri na Uchunguzi wa Arudhi ya Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anavyoweza kumtumia msaidizi wa akili bandia katika mstari wa amri wa tarakilishi ili kuhesabu mizani katika mashairi ya kimapokeo. Hoja kuu ni kwamba msaidizi huyo anaweza kuandika programu ya kuhesabu kwa muda mfupi mno, lakini hawezi kumwamulia mtafiti mizani ni nini. Kwa kuuchunguza mshororo mmoja, makala yanaonyesha kuwa kanuni tatu zinazoelekea kuwa sahihi hutoa jumla tatu tofauti, na zote zina kasoro. Aidha, makala yanapendekeza utaratibu wa hatua sita za kufanya kazi hiyo kwa usalama na uaminifu wa kitaaluma.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuandika tasnifu kuhusu umbo la ushairi wa Kiswahili anaijua kazi ya kuhesabu mizani kwa vidole. Tuchukulie kwamba diwani moja ina mashairi 100, kila shairi lina beti 5, na kila ubeti una mishororo 4. Hiyo ni mishororo 2,000. Ikiwa kila mshororo utachukua nusu dakika, mtafiti atahitaji dakika 1,000, yaani takriban saa 17 za kuhesabu mfululizo, na hapo hajaandika hata sentensi moja ya uchanganuzi. Si ajabu basi kwamba tasnifu nyingi huchagua mashairi machache ya kupigia mfano na kuyaacha mengine.

Kazi hii si ya kuchosha tu. Ina uzito wa kihakiki. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na hasa tangu mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko wa miaka ya 1970, hesabu ya mizani imekuwa ushahidi katika kesi ya ushairi wetu. Shairi likionekana kupungukiwa au kuzidi, hupewa lakabu ya guni. Kumwambia malenga kwamba shairi lake ni guni ni kutoa hukumu juu ya ustadi wake. Je, hukumu hiyo ikitolewa na programu ambayo mtafiti mwenyewe hakuiandika, nani atawajibika? Hilo ndilo swali linaloongoza makala haya.

2.0 Mstari wa Amri na Msaidizi Wake

Mstari wa amri ni njia ya kuiamuru tarakilishi kwa maneno yaliyochapwa badala ya kubofya picha kwa kipanya. Njia hii ni kongwe. Mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, ulijengwa juu ya msingi huo, na amri zake nyingi zingali zinatumika. Mathalan, amri wc huhesabu mistari na maneno ya faili yoyote ya maandishi mara moja. Kwa mwanafasihi, uzuri wa mstari wa amri ni kwamba unayashughulikia maandishi kama maandishi, na kwamba amri iliyotumika leo huweza kuhifadhiwa na kurudiwa kesho na mtu mwingine.

Udhaifu wake ni kwamba unamtaka mtumiaji azijue amri. Hapa ndipo msaidizi wa akili bandia anapoingia. (Istilahi hii haijatulia, wapo wanaosema akili unde na wapo wanaosema akili mnemba. Makala haya yatatumia akili bandia.) Aider ilitolewa mwaka 2023. Mwaka 2025 zilifuata Claude Code ya Anthropic, Codex CLI ya OpenAI na Gemini CLI ya Google. Programu hizi hufunguliwa ndani ya folda ya kazi, kisha mtumiaji huandika anachotaka kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwemo.

Tofauti kati ya msaidizi huyu na yule wa kujibizana naye katika dirisha la mtandao ni kwamba huyu hutenda. Husoma faili zilizo katika folda, huandika programu, huiendesha, huyasoma makosa yanayojitokeza na kuyarekebisha, kisha huendesha tena. Kwa kawaida huomba idhini kabla ya kubadilisha faili au kuendesha amri. Idhini hiyo ndiyo lango la mtafiti, na mtafiti asiyesoma anachoidhinisha amelivunja lango hilo kwa mkono wake.

3.0 Mshororo Mmoja, Jumla Nne

Ili kuonyesha kiini cha tatizo, tumejitungia mshororo ufuatao kwa ajili ya zoezi hili pekee:

Mtu mbaya hafai, nyumba mbaya haifai.

Msomaji mwenye sikio la Kiswahili atahesabu mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, jumla 16. Ukwapi hugawika hivi: m-tu-m-ba-ya-ha-fa-i. Utao nao hugawika hivi: nyu-mba-mba-ya-ha-i-fa-i. Sasa tuangalie kanuni tatu ambazo msaidizi anaweza kuzitumia asipoelekezwa.

Kanuni ya kwanza ni kuhesabu irabu pekee. Ukwapi utatoa 6, kwa kuwa m ya mtu na m ya mbaya hazina irabu. Utao utatoa 8. Jumla ni 14.

Kanuni ya pili ni kuhesabu irabu pamoja na kila m iliyo mwanzoni mwa neno na kufuatwa na konsonanti. Ukwapi utatoa 8, jambo la kufurahisha, lakini utao utatoa 9, kwa sababu mbaya ya pili nayo itahesabiwa silabi tatu. Jumla ni 17.

Kanuni ya tatu ni ile ya pili ikiongezewa kizuizi kwamba m ikifuatwa na b isihesabiwe. Utao utarudi kwenye 8, lakini ukwapi utashuka hadi 7. Jumla ni 15.

Tumepata 14, 17 na 15. Hakuna kanuni hata moja iliyofika 16, wala hakuna inayoweza kufika kwa kuangalia herufi za neno pekee, kwa kuwa mbaya na mbaya zimeandikwa sawasawa. Kinachozitofautisha ni upatanisho wa kisarufi. Katika mtu mbaya, ngeli ya A-WA, kiambishi m- husimama chenyewe kama silabi. Katika nyumba mbaya, ngeli ya I-ZI, nazali huungana na b na kuwa sehemu ya silabi moja. Ndivyo ilivyo pia kwa neno mbuni: likimaanisha ndege lina silabi mbili, likimaanisha mtu anayebuni au mti unaozaa buni lina silabi tatu. Mtu aliyekulia katika lugha hii hahitaji kufundishwa hayo. Tarakilishi haina budi kuambiwa.

Mifano ya aina hii ni mingi. Neno kumbuka lina silabi tatu, ku-mbu-ka, ilhali kumbeba, kwa maana ya kubeba mtu, lina nne, ku-m-be-ba, kwa kuwa m yake ni kiambishi cha mtendwa. Maneno mafupi kama mbwa, mbu, nzi na nge yana silabi mbili mbili licha ya kuwa na irabu moja tu, ilhali mbegu, ndizi na ngoma, yenye irabu mbili, pia yana silabi mbili. Katika maneno ya mkopo kama labda, daftari na muktadha, mtafiti sharti aamue na atangaze iwapo konsonanti inayofunga silabi itahesabiwa peke yake au la. Uamuzi wowote atakaoufanya utabadilisha jedwali lake.

Fauka ya hayo, kuna mitego ya maandishi yenyewe. Kanuni ya kawaida ya kutafuta maneno katika lugha ya Python huiona ritifaa kama mpaka wa neno. Hivyo ng'ombe hugawanywa kuwa ng na ombe, na idadi ya maneno huharibika. Programu inayotenga ukwapi na utao kwa kutumia mkato itapotea pale mtunzi alipoweka mkato wa pili ndani ya kipande kimoja.

4.0 Hatari ya Kusahihishwa

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa msaidizi kutaka kusaidia kupita kiasi. Mtafiti anapomwomba asafishe maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye picha za kurasa za kitabu, msaidizi huweza kukutana na neno afiya na kudhani ni kosa la chapa, akaandika afya. Kumbe afiya ni mazida: mtunzi amelirefusha neno kutoka silabi mbili hadi tatu ili mizani itimie. Vivyo hivyo, alokuja huweza kugeuzwa kuwa aliyekuja, na inkisari iliyopunguza silabi moja ikafutwa. Katika tungo za Kiamu, mato huweza kugeuzwa kuwa macho, na lahaja ya mtunzi ikapotea pamoja na kina chake.

Tanbihi kwamba matokeo ya usahihishaji huo ni kinyume kabisa cha makusudio. Uhuru wa kishairi, ambao mtunzi aliutumia ili shairi lisiwe guni, unafutwa, halafu programu inahesabu mizani iliyobaki na kutangaza kwamba shairi ni guni. Mtunzi anahukumiwa kwa kosa ambalo mashine ndiyo iliyolitenda. Kwa sababu hii, agizo la kwanza kwa msaidizi liwe daima kwamba matini asilia hayaguswi.

Kuna hatari ya pili inayofanana na hiyo. Mtafiti akimwambia msaidizi, "Hakikisha mishororo yote inatoa 16," huenda akapata programu iliyopindishwa ili itoe 16 kwa mishororo hiyo, hata kama kanuni yake haina mashiko. Agizo zuri hutaja kanuni, halitaji jibu.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Hatua ya kwanza ni kuandaa nakala. Matini asilia yawekwe mahali pengine kabisa, na msaidizi afunguliwe ndani ya folda yenye nakala tu. Inafaa folda hiyo iwekwe chini ya Git, programu ya kuhifadhi kila badiliko, ili amri git diff iweze kuonyesha kila herufi iliyoongezwa au kuondolewa katika faili zilizokwisha kuhifadhiwa humo. Mtafiti akumbuke pia kwamba amri rm hufuta faili moja kwa moja bila kuipitisha kwenye pipa la taka. Akiiona katika ombi la idhini, asome mara mbili.

Hatua ya pili ni kuhesabu kwa mkono kabla ya kuhesabu kwa mashine. Mtafiti achague mishororo kama 100 kutoka sehemu mbalimbali za diwani, aihesabu mwenyewe, kisha amwombe mwenzake aihesabu bila kuona majibu yake. Pale wanapotofautiana ndipo penye maswali ya kweli ya arudhi. Nusu ya sampuli hiyo iwekwe katika folda ya kazi na nusu nyingine ifichwe nje yake, ili itumike baadaye kuipima programu kwa haki.

Hatua ya tatu ni kuandika faili ya kanuni kwa Kiswahili. Kanuni ziwe chache na bayana: kila irabu ni mizani moja, irabu mbili zinazofuatana ni mizani mbili, m iliyo mwanzoni mwa neno na kufuatwa na konsonanti isiyo b, v, w wala y ni mizani moja, neno lenye irabu moja linaloanza kwa nazali na konsonanti lihesabiwe mizani mbili, isipokuwa pale ambapo nazali ni sehemu ya ny, ng' au mw, na kadhalika. Faili hii ndiyo moyo wa utafiti, na ndiyo itakayoingia katika sura ya mbinu za utafiti.

Hatua ya nne ni kutoa agizo. Mfano wake ni huu:

"Soma faili zote zilizo katika folda ya mashairi wala usizibadilishe. Andika programu ya Python inayohesabu mizani za kila kipande kwa kufuata faili ya kanuni. Neno lenye irabu mbili au zaidi likianza kwa mb au mv, au likiwa na mb, mp au mv katikati yake, usilikisie. Litafute katika orodha ya maneno yaliyoamuliwa. Lisipokuwemo, liandike pamoja na mshororo wake katika faili ya mashaka. Kabla ya kuandika chochote nieleze utakavyofanya, kisha ungoje."

Agizo hili lina mambo mawili yanayostahili kuzingatiwa. Kwanza, linaunda matokeo ya aina tatu badala ya mbili: mshororo uliotimia, usiotimia, na wenye shaka. Programu inayokiri shaka ina manufaa zaidi kwa mhakiki kuliko ile inayojibu kila swali. Pili, linamtaka msaidizi aeleze mpango wake kwanza, na kwa hiyo mtafiti anapata nafasi ya kusahihisha dhana kabla haijawa programu.

Hatua ya tano ni kushughulikia faili ya mashaka. Mwanzoni itakuwa ndefu. Maneno kama nyumba, mbali, mbele na kumbuka yataamuliwa mara moja na kuingizwa katika orodha. Maneno kama mbaya na mbuni yataamuliwa mshororo kwa mshororo. Hapa ndipo saa za mtafiti zinapotumika vyema: badala ya kuhesabu mishororo 2,000, anasoma ile tu inayohitaji akili ya mtu. Sehemu ya kazi hii inaweza kupunguzwa kwa vichanganuzi vya mofolojia vinavyotambua ngeli. Kazi ya aina hiyo si ngeni kwa Kiswahili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza miaka ya 1980, na ndiyo iliyozaa mfumo wa SALAMA.

Hatua ya sita ni kuileta sampuli iliyofichwa. Programu iendeshwe juu yake, na tofauti zote kati ya hesabu ya mkono na hesabu ya programu ziripotiwe katika tasnifu, hata zikiwa za kuaibisha. Msomaji akijua programu ilikosea mara ngapi katika mishororo 50, ataweza kupima uzito wa jedwali zima.

6.0 Maadili na Mipaka

Wasaidizi wengi wa aina hii hawafikirii ndani ya tarakilishi ya mtumiaji. Maandishi wanayoyasoma husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni husika, aghalabu nje ya nchi. Kwa mashairi ambayo hakimiliki yake imekwisha, hilo si tatizo kubwa. Kwa diwani za watunzi walio hai, ni tatizo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tungo simulizi zilizorekodiwa kutoka kwa malenga zinahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa zimebeba majina na habari za watu, mambo yanayoguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ridhaa aliyoitoa malenga ili sauti yake isikilizwe na mtafiti si ridhaa ya kupelekwa kila mahali.

Ipo njia ya kupunguza tatizo hili. Programu kama Aider huweza kuunganishwa na modeli inayoendeshwa ndani ya tarakilishi ya mtafiti mwenyewe, ingawa tarakilishi hiyo inapaswa kuwa na nguvu. Njia nyingine ni rahisi zaidi: msaidizi aandike programu kwa kutumia mishororo ya kubuni kama ule wa sehemu ya 3.0, kisha mtafiti amfunge msaidizi, alete matini halisi, na aiendeshe programu mwenyewe. Programu ikishaandikwa haimhitaji tena aliyeiandika.

Baadhi ya wahadhiri watahofia kwamba mwanafunzi asiyehesabu kwa vidole hatapata sikio la mizani. Hofu hiyo ina msingi. Mizani ni ya sikio kabla ya kuwa ya jicho, na shairi la Kiswahili lilighaniwa kabla ya kuchapishwa. Hata hivyo, utaratibu uliopendekezwa hapa haumwondolei mwanafunzi kazi ya sikio. Unamlazimisha aseme waziwazi kile ambacho sikio lake lilikuwa likikijua kimyakimya. Hakuna anayeweza kuiandika faili ya kanuni pasipo kujua kwa nini mtu mbaya na nyumba mbaya hazilingani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mshororo mmoja wa maneno sita unatosha kuziangusha kanuni tatu za kuhesabu mizani, na kwamba kosa si la mashine bali la swali lisiloulizwa. Msaidizi wa akili bandia katika mstari wa amri ni karani mwepesi: ataandika, ataendesha, atarekebisha, wala hatachoka. Lakini karani si kadhi. Kuamua iwapo m fulani ni silabi, iwapo afiya ni kosa au ni mazida, na iwapo shairi fulani ni guni, kutabaki kuwa kazi ya mtu aliyesoma lugha na fasihi yake.

Kwa mintarafu hiyo, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila tasnifu itakayotumia hesabu za programu iambatishe faili ya kanuni, programu yenyewe na sampuli iliyohesabiwa kwa mkono, ili mtahini aweze kuirudia kazi yote. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane kujenga orodha moja ya maneno yaliyoamuliwa, pamoja na sababu za kila uamuzi. Orodha hiyo ikikua, itakuwa kamusi ya arudhi iliyoandikwa na wanaoijua lugha, na kila msaidizi atakayekuja, awe wa kampuni yoyote ile, atalazimika kuisoma kabla ya kuhesabu.